Nilijaza mtama wa kisiwa kizima ndani ya mapipa ya pantoni yangu, halafu maji yakarudi

Wakuu wa jukwaa hili, mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo. Walio wadogo kwangu shikamoo zenu nimezipokea, wa rika langu tupeane pole za magoti.

Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo naandika, kwa kidole kimoja na miwani ya mke wangu, kwa hiyo mwenye kiherehere cha kusahihisha herufi apite uzi mwingine. Mimi shule niliishia darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza.

Lakini nitakachosema kimetokea. Nilikuwepo. Na mahali pa kosa, mkosaji ni mimi. Chumvi sitaongeza, sina hata nguvu ya kuongeza.

Mimi ni mzaliwa wa Mlali, Kongwa. Nilifika Mtera nikiwa kijana, na baiskeli, nanunua samaki wakavu nawapeleka minadani. Sikurudi tena.

Kwa wasiojua, Mtera ni bwawa. Maji yalipojaa zamani yalifunika mashamba, yakafunika miti ikafia humo imesimama, vilima vikabaki vichwa tu. Kichwa kimoja ndicho kisiwa chetu. Sisi wenyewe tunakiita Kilimani, kwa sababu wazee waliochunga pale walikijua kikiwa kilima. Kaya ishirini na kitu. Wavuvi, na Wagogo wenzangu wanaolima mtama na kufuga mbuzi.

Zamani gari halikufika Kilimani. Samaki walivuka kwa mtumbwi. Mgonjwa kwa mtumbwi. Mabati ya shule kwa mtumbwi, na upepo ukiyachukua mnayafuata majini.

Nikajenga pantoni. Mwenyewe. Sio serikali, sio mfadhili. Mapipa arobaini ya chuma, yale ya mafuta, ishirini kushoto na ishirini kulia, yamelazwa na kubanwa kwa vyuma na nati. Juu yake mbao nene. Ubavuni nimefunga boti yenye mashine ya kuisukuma.

Injinia mmoja alipita akaitazama, akaniuliza, "Mzee, nani alikupigia hesabu?"

Nikamwambia, "Maji. Mimi nilikuwa naongeza pipa mpaka ikaacha kuzama."

Alicheka sana. Lakini alipanda, na gari lake akalipandisha.

Nilivusha pikapu za samaki, trekta, gari la chanjo, na mara moja gari la harusi lenye maua, bibi harusi kagoma kushuka analia anaogopa. Watu wakaniita Mzee Pantoni. Jina langu la ubatizo nadhani analikumbuka mke wangu peke yake.

Niseme kitu hapa kwa wanaodhani kazi ya kivuko ni kuvusha. Bwawa la Mtera halitulii mahali pamoja. Kiangazi maji yanarudi nyuma, masika yanarudi mbele. Leo unachimba gati hapa, wiki ijayo gati liko kwenye matope na maji yako kule. Kazi yangu ilikuwa kuyafukuza maji kwa jembe. Nimeyafukuza mpaka mgongo umekataa.

Basi. Ikaja miaka ya ukame.

Maji yakarudi nyuma nikachimba gati. Yakarudi tena, nikachimba tena. Siku moja asubuhi nikaikuta pantoni imekaa kwenye tope, katikati ya ule mkondo iliokuwa inapita kila siku. Imekaa kama ng'ombe aliyegoma. Kilimani kikawa si kisiwa tena. Watu wanatembea kwa miguu, pikipiki zinapita, na mimi Mzee Pantoni sina kazi.

Ilikaa pale mwaka na miezi.

Wagogo hatuwezi kuona ardhi mbichi tukaiacha. Mvua kidogo zilipoanguka tukapanda mtama kwenye sakafu ya bwawa. Wakuu, lile tope! Mtama ulitoka mabua ya kupita kichwa cha mtu, masuke ya kujaza mikono miwili. Watu waliozoea kuomba Mungu wapate cha kula mpaka Desemba, mwaka ule walivuna mpaka vihenge vya nafaka vikakataa.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwenye neema.

Vihenge vimejaa, magunia yamepangwa ndani ya nyumba, panya wanatembea mchana, na wadudu wa dumuzi wameanza. Unashika punje unaona unga. Bwana shamba akaja kutufundisha. Akasema dumuzi anataka hewa, ukimnyima hewa anakufa. Wekeni nafaka kwenye chombo kisichopitisha hewa, mfano pipa la chuma.

Watu wakatazamana. Pipa la chuma Kilimani nani analo?

Nikasimama. Nakumbuka nilivyosimama, mikono kiunoni. Nikasema, "Mimi ninayo arobaini."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Ndahani, fundi mashine wangu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, akaninong'oneza, "Mzee, yale ndiyo yanayoelea."

Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Yanaelea wapi, kwenye vumbi?"

Wakapiga makofi. Mimi napenda makofi, sifichi. Nikaongeza na jingine: "Mapipa yangu miaka yote hayakuingiza tone la maji. Mtu akiweka mtama wake mle, ni kama ameuweka mikononi mwangu."

Hayo maneno niliyasema mimi. Yakumbukeni.

Tukajaza. Pipa lina tundu la kupitisha vidole viwili vitatu. Tulitengeneza faneli za makopo, tukamimina siku nne, kina mama wakiimba. Vile vizibo vya chuma, tulipovifungua kwa nguvu, vingi vilikwisha meno, havikazi tena. Tukaziba kama tunavyoziba kihenge: gunzi la hindi, juu yake samadi mbichi ya ng'ombe na majivu. Ikikauka inakuwa jiwe. Kwa kihenge ni dawa nzuri sana.

Mmeona kosa? Sisi hatukuliona. Watu zaidi ya thelathini, wazee kwa vijana, hakuna aliyeliona. Tulikuwa tunaziba panya. Maji hakuna aliyeyawaza.

Kila kaya ikachora alama yake kwa rangi kwenye pipa. Mmoja samaki, mmoja nyota, mmoja msalaba. Mimi mviringo. Mama Nyemo alichora jembe.

Huyu mama niwaeleze. Ni mjane. Mumewe alikuwa mvuvi, homa ilimchukua mwaka uliotangulia. Ana watoto wanne, mkubwa ndiye huyo Nyemo. Shemeji zake wa upande wa Buigiri walikuja baada ya msiba wakataka ahame Kilimani arudi ukweni, akae chini yao. Akawaambia mbele yangu, "Nikishindwa kuwalisha hawa mpaka mavuno mengine, njooni mnichukue. Nikiweza, msinirudie tena." Wakakubali. Alilima lile tope peke yake na watoto, akapata mapipa matatu. Kuliko wanaume wengi.

Tulikubaliana mapipa yasiguswe. Watu wale kwanza vya nyumbani, mapipa yasubiri miezi ya kulima, ile ambayo njaa huwa inakaa nasi mezani.

Desemba ikafika. Kwetu hata tone. Jua kali, mbingu kama sufuria iliyosuguliwa.

Simu ikalia. Saidi, mvuvi wa kambi ya juu, Mrangi wa Kondoa, rafiki yangu wa miaka mingi.

"Mzee, upo?"

"Nipo, niende wapi?"

"Maji yanakuja. Huku kambini tumehamisha vyombo asubuhi hii."

"Yanatoka wapi? Huku hakuna wingu hata la kufunika jicho la kuku."

"Yametoka kwa wenye mvua, mzee wangu. Mto hauulizi Dodoma kukoje."

"Wewe umezaliwa mlimani unakula mbaazi. Maji umeyajulia wapi?"

"Haya mkubwa. Mimi nimesema."

Akakata. Nikamwambia mke wangu Saidi anazeeka vibaya. Sikumwambia mtu mwingine. Siku nzima, wakuu. Tulikuwa na siku nzima ya kutoa ule mtama taratibu, na mimi nilikaa kivulini natengeneza mpini wa shoka.

Kesho yake asubuhi nakunywa chai, Mama Nyemo kafika. Yuko kwenye matope hadi magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona hivyo?"

"Maji yamefika kwenye miti mikavu."

Hiyo miti iko mbele ya pantoni, umbali wa kurusha jiwe mara kumi hivi. Na ardhi yenyewe ni bapa. Kwenye ardhi bapa maji hayaji kwa kishindo. Yanatambaa. Unayatazama unaona yamesimama, ukigeuka ukirudi yamekula shamba.

Nilimaliza chai kwanza. Hata hilo naliandika.

Tulipofika kwenye pantoni kijiji kizima kilikuwa pale. Majembe, ndoo, magunia, ungo. Watu wananitazama. Kumimina mtama ndani kwa faneli ilikuwa siku nne. Kuutoa kwa tundu lile lile, pipa limelala, haiwezekani. Ilibidi kufungua nati, kung'oa pipa zima, kulivingirisha mpaka juu pakavu. Pipa lenye mtama linataka watu wanne. Na spana ya nati zile ilikuwa moja tu. Ya pili ilipotea siku nyingi, nilikuwa nasema nitanunua.

Ndahani kashika spana. Akauliza, "Mzee, tuanze upande gani?"

Sasa niwaeleze vizuri mnielewe. Pantoni ina pande mbili. Upande mmoja unatazama kisiwa, kuna kimwinuko kidogo. Upande wa pili unatazama mkondo, ni bondeni, na maji yalikuwa yanakuja kutoka huko, tunayaona yanang'aa. Hata mtoto asiyejua kusema angenyoosha kidole upande wa mkondo.

Mapipa ya Mama Nyemo yalikuwa upande wa mkondo.

Ya kwangu matatu yalikuwa upande wa kisiwa, ya kwanza kabisa.

Nikasema, "Tuanze upande wa kisiwa."

Mama Nyemo akasema, "Baba, maji yanatokea huku."

Nikasema, "Upande huo nati zimeshika kutu. Huku zitafunguka upesi."

"Umeziangalia?"

Nikamgeukia. Nikamuuliza, "Nani mwenye pantoni?"

Watu wakatazama chini. Ndahani akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, halafu akapiga magoti upande wa kisiwa.

Nati hazikuwa zimeangaliwa na mtu yeyote tangu pantoni ikae pale. Mimi sikuziangalia. Kutu ilikuwa pande zote sawasawa.

Nati ya kwanza ilichukua karibu nusu saa. Spana inateleza, inalia, Ndahani anapuliza vidole.

"Mzee, na hii imeshika."

"Piga nyundo."

"Nimepiga."

"Piga tena."

Likatoka la kwanza. Mviringo. Wanaume wakalivingirisha juu. La pili, mviringo. La tatu, mviringo. Nilikuwa najiambia ndani kwa ndani: yako mwanzoni, bahati tu yako mwanzoni, na nyumbani nina watu saba. Wenzangu nao walikuwa na watu.

Tukaendelea na yaliyofuata. Samaki, nyota, msalaba.

Kina mama hawakusubiri spana. Walikwenda upande wa mkondo na majembe wakachimba tope kuzunguka mapipa, wakijaribu kuyatikisa. Hayatikisiki. Yamebanwa na vyuma vyangu mwenyewe nilivyovikaza kwa mikono yangu, na nilikuwa najisifu kwamba havitikisiki.

Maji yalifika mchana. Kwanza yaliingia kwenye nyufa za tope, unasikia tope linanyonya. Halafu yakawa kwenye nyayo. Halafu kwenye vifundo vya miguu.

Nikapiga kelele, "Hamieni mkondo!" Sasa ndiyo nasema hamieni mkondo.

Tuling'oa mawili tu upande ule. Moja lilikuwa la nyota, jingine sikumbuki. Nati ziko chini ya maji, Ndahani anapapasa kama kipofu, spana ikamponyoka kwenye tope. Tukaitafuta watu kumi. Hatukuipata.

Samadi na majivu kwenye maji mnajua inakuwaje. Inakuwa uji.

Mama Nyemo alikuwa amepiga magoti kwenye pipa lake la kwanza. Kakunja kanga, kaikandamiza kwenye gunzi kwa kiganja. Mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Nyemo kashika la pili vilevile, na mdogo wake la tatu, wote watatu mstari mmoja wameinama majini. Nilisimama nyuma yao. Sikuwa na la kufanya na mikono yangu.

Vikaanza viputo. Kimoja, viwili, halafu vingi. Hewa inatoka, maji yanaingia.

Alivitazama muda. Halafu akaondoa mkono, akaikamua ile kanga vizuri, akajifunga. Akawaambia wanawe, "Haya, twendeni."

Hakulia. Hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

Siku mbili tatu baadaye, mapipa yaliyobaki yakaanza kupasuka. Kwa wasiojua, mtama ukinywa maji unavimba, na ukivimba ndani ya chuma hauna adabu. Tuko kisiwani, maana sasa kilikuwa kisiwa tena, tunasikia kutoka majini, du. Kimya. Du. Chuma changu nilichokusanya miaka kinafunguka kama ganda la karanga.

Halafu harufu. Mtama umechacha kwenye maji na jua, kisiwa kizima kinanuka pombe. Watu wana njaa na hewa inanuka sherehe. Mlevi mmoja akasema tuchote tu maji ya bwawa tuyachuje. Tulicheka, maana nini tena.

Samaki wakajaa pale. Wavuvi walivua kambale na perege wanene wiki nzima. Tukala mtama wetu kwa njia ya samaki.

Kuhusu mtama uliookolewa, tulikaa kikao. Waliookoa wakasema watagawa nusu kwa waliopoteza. Mimi nikasimama nikasema na mimi natoa nusu. Watu wakanishukuru. Mzee mmoja akasema, "Mzee Pantoni amepoteza chombo chake na bado anagawa chakula."

Wakapiga makofi.

Wakuu, mimi ninayependa makofi, yale yalinikalisha chini. Nilisema magoti yananiuma.

Mama Nyemo alipata fungu lake. Kwa watoto wanne halikufika hata katikati ya msimu. Shemeji zake walikuja kwa mtumbwi, wanaume wawili, wakasimama ufukweni na viatu vyao vya mjini. Hawakugombana. Mmoja alisema tu, "Shemeji, ulisema mwenyewe."

Akasema, "Nilisema."

Akafunga nyumba kwa kamba. Watoto wanne, kuku, sufuria. Nilikuwa ufukweni. Ningeweza kusema pale pale: huyu hakushindwa, nilimshindisha mimi. Maneno manne tu. Nilishika ubavu wa mtumbwi wasitingishike wakati wa kupanda, nikamwambia, "Safari njema mwanangu." Akasema, "Asante baba."

Msimu ule ulikuwa mrefu kwangu. Watu walikuwa wananipa pole kila siku. Pole ya kitu ambacho hukistahili ni mzigo mbaya, unaupokea kwa mikono miwili na huna pa kuuweka.

Nikajenga upya. Mapipa mazima yaliyobaki yalikuwa machache, nikaunga kipantoni kidogo. Gari hakibebi. Kinabeba pikipiki, guta la magurudumu matatu na mbuzi. Kuna pikapu ya mnunuzi mmoja wa samaki ilikuwa imekuja Kilimani kwa magurudumu wakati wa ukame, maji yakarudi ikiwa huku. Ipo mpaka leo, kuku wanataga humo. Kila nikipita nageuza uso.

Mavuno yaliyofuata yakaja. Siku moja nikiwa upande wa nchi kavu nasubiri abiria, naona mama anakuja na guta, magunia juu, watoto nyuma. Wanne wote, wamerefuka.

"Shikamoo baba."

Nikaitikia. Nikamuuliza amepata ruhusa?

Akasema, "Nimelima kwao msimu mzima, wamekula na kusaza. Sikuomba ruhusa. Niliaga."

Nikamvusha.

Siku chache baadaye akaja nyumbani kwangu mchana. Kwetu mazao mapya mtu mzima ndiye anayeonja kwanza, ndipo wengine wale. Ni heshima. Alikuwa na ugali wa mtama wake mpya na mlenda, kaufunika kwa kanga safi. Watu walikuwepo: mke wangu, Ndahani, Saidi aliyekuja kunisalimu, na majirani kama sita.

Akaninawisha mikono. Akaweka sahani mbele yangu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anza baba. Wewe ni mtu wa kuanza."

Hakuna aliyecheka. Saidi akaangalia paa.

Nikakata tonge. Nikala. Ulikuwa ugali mzuri, umeiva. Nikakata la pili nikashindwa kulipeleka mdomoni. Nikalirudisha kwenye sahani, kitu ambacho mtu mzima hafanyi.

Nikasema, "Nati zilikuwa na kutu pande zote. Sikuziangalia. Nilianza na yangu."

Nilikuwa nimeyabeba hayo maneno msimu mzima nikidhani siku nikiyatoa nyumba itaanguka.

Mama Nyemo akasema, "Tunajua, baba."

Nikamtazama Ndahani. Ndahani akasema, "Mzee, mimi ndiye nilikuwa na spana."

Walijua siku ile ile. Wote. Hata yule mzee aliyenisifu kwenye kikao alijua. Hata waliopiga makofi. Walikuwa wananisubiri.

Mama Nyemo akasukuma ile sahani karibu yangu kidogo. Akasema, "Kula. Unapoa."

Nikala mpaka ukaisha. Watu wananitazama.

Ndiyo hayo wakuu. Mkitaka somo, mimi si mwalimu, lakini nililolipata ni hili: watu wakikuachia uamuzi kwa sababu chombo ni chako, usidhani wamefumba macho. Wanakuona. Wakinyamaza ni heshima tu, na heshima ya watu ukiitumia vibaya hutaisikia ikikwisha.

Na la pili dogo, la kiufundi: pipa la kuelea lisiwekwe kitu. Hata kama liko nchi kavu miaka kumi.

Siku hizi Mama Nyemo akivuka anakaa mbele, hatuongei mengi. Ananisalimia, namjibu. Mapipa yake matatu nilimwambia nitayalipa kwa mtama nikivuna, akasema nivune kwanza. Nimechoka, lakini mwaka huu nimelima.

Wenye ujuzi wa kujenga vivuko vidogo vya gari niambieni, siku hizi kuna kitu gani badala ya mapipa? Na wewe uliyewahi kushikishwa cha watu ukaanza na chako, andika hapa chini tukusome. Wa kunitukana nao karibuni, nitawasoma wote. Polepole, kwa miwani ya mke wangu.